Kabla hujasuguliwa usufi shavuni: kumtolea ndugu uboho ukiwa Nairobi

Wengi mmeniuliza tulivyofanya dada yangu mdogo alipoambiwa na daktari wa damu kwamba dawa zimegonga mwamba, sasa atafutiwe uboho. Hatua ya kwanza nitaikalia zaidi, maana ndiyo watu huiruka.

Hatua ya 1: Jiulize ukiwa peke yako. Kupimwa ni rahisi mno, na mtego uko hapo hapo. Shangazi wote wamejaa sebuleni, chai inamiminwa, nani atathubutu kukataa? Lakini kabla ya kupokea seli za uboho wako, mgonjwa hupewa dawa kali zinazoua uboho wake mwenyewe. Ukizima simu wiki hiyo, hana pa kurudi. Kama moyo unasita, mwone daktari faraghani mapema umwambie. Si aibu. Aibu ni kusita baadaye.

Hatua ya 2: Anzeni na wa baba mmoja mama mmoja. Kila ndugu wa aina hiyo ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kabisa na mgonjwa kwenye kipimo cha HLA, yaani alama za tishu zilizo juu ya seli. Wazazi hulingana naye nusu, na siku hizi hata nusu hutumika. Binamu waacheni kwanza, mtamaliza pesa bure.

Hatua ya 3: Kipimo. Ni damu kidogo ya mkononi, au usufi unaosuguliwa ndani ya shavu. Usiondoke kabla hujaona jina likiandikwa. Maabara moja ilibandika jina langu kwenye chupa ya kaka yangu, tukarudia yote, wiki tatu zikapotea. Tangu hapo nakagua kibandiko kama chenji ya makanga.

Hatua ya 4: Ukilingana. Utapimwa VVU, homa ya ini, moyo na mengine. Shughulikia pasipoti mapema. Sisi, kama Wakenya wengi, tulifanyiwa India. Unadungwa sindano siku nne au tano ili seli shina, zile seli za uboho zinazozalisha damu, zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu. Kiuno kiliniuma kama mtu anayeanza malaria. Kisha mashine: damu inatoka mkono huu, inachujwa, inarudi mkono ule, saa nne hadi sita. Midomo ilianza kunichonyota, nesi akaniletea kalsiamu. Ile dawa ya kuzuia damu isigande ndiyo huipunguza mwilini.

Maswali ya wanachama

*Mama Zawadi, Umoja:* Si wanatoboa uti wa mgongo? Mume wangu anaogopa kupooza.
— Hapana, mama. Hata kwa ile njia ya zamani, sindano huingia mfupa wa nyonga kwa nyuma, mtu akiwa amelazwa usingizi. Uti wa mgongo hauguswi. Atatembea akichechemea siku chache, na uboho hujijaza tena ndani ya wiki chache.

*Otieno:* Kaka, mdogo wangu ana selimundu. Mimi nimebeba jeni moja tu ya selimundu, bila ugonjwa. Nafaa?
— Hilo peke yake halikuzuii. Kapimwe.

*Wanjiru, Kasarani:* Mimi nataka kumtolea yeyote, si lazima ndugu.
— Hongera. Ila sajili nyingi za watoaji uboho huandikisha wakazi wa nchi zao tu. Afrika Kusini wanayo tangu 1991. Muulize daktari wa damu kabla ya kutuma kitu kokote. Una jamaa Uingereza au Ujerumani? Msukume ajiandikishe huko. Waafrika ni wachache kwenye sajili za dunia, na alama za tishu hufuata asili ya mtu, kwa hiyo usufi wake wa kule unaweza kumfaa mtu wa Kasarani. Wewe katoe damu. Dada yangu alitumia chupa nyingi kuliko nilizoweza kuhesabu.

*Hassan, Eastleigh:* Lazima kundi la damu lifanane?
— La, ndugu yangu. Dada yangu alikuwa B, mimi O. Sasa naye ni O. Kadi yake ya zamani bado anatembea nayo kwenye pochi, B imekatwa kwa kalamu nyekundu.