Gari Linakula Tairi Upande Mmoja? Soma Tairi Kabla ya Kukimbilia Alaimenti

Gari likianza kula tairi, wengi hapa Mtwara hununua tairi jingine au hupeleka gari moja kwa moja kwenye alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa matairi. Tairi jipya litaliwa vilevile. Na alaimenti ikifanywa juu ya bushi (mipira ya viungo vya chini ya gari) zilizokufa haikai, maana vipimo vinahama mara tu gari linapoanza kugonga mashimo. Hela imekwenda, ugonjwa umebaki. Mpangilio ninaoufuata mimi ni huu: tairi, upepo, miguu (viungo vinavyoshikilia matairi), ndipo alaimenti.

Hatua ya 1: Soma tairi

Egesha mahali tambarare, kata usukani hadi mwisho ili uso wote wa tairi la mbele uonekane. Tazama, kisha pitisha kiganja taratibu, maana kiganja hugundua mapema kuliko macho. Angalia tu nyaya za tairi lililochakaa zisikuchane.

Likiwa limelika katikati, upepo umezidi. Likilika kingo zote mbili huku katikati kukiwa na meno (michongo ya uso wa tairi), upepo ni mdogo au mzigo unazidi uwezo wa gari. Msimu wa korosho ukifika, gari dogo la familia likageuzwa la magunia, hali hii huonekana sana.

Likilika ukingo mmoja tu, tena kwa ulaini, tairi limelala. Mara nyingi chanzo ni bushi za kontroo amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu), boljointi (kiungo cha duara kinachozunguka), springi iliyochoka au shokapu iliyopinda baada ya kugonga shimo. Ukiona mabonde madogo hapa na pale kuzunguka tairi, shuku shokapu au balansi ya gurudumu.

Kuna dalili moja ambayo macho huikosa. Papasa meno kutoka nje kwenda ndani ya gari, halafu rudisha mkono. Upande mmoja utateleza, wa pili utakwaruza, kama unapompapasa samaki mwenye magamba kutoka mkiani kwenda kichwani. Mkono ukiteleza unapouingiza ndani, matairi yamebana mbele, yaani yanaelekeana. Ukiteleza unapoutoa nje, yametanuka mbele. Hapo kweli alaimenti imehama, lakini usiondoke bado: tafuta kilichoihamisha.

Hatua ya 2: Upepo

Pima asubuhi gari likiwa halijatembea, kwa sababu tairi likipata moto upepo hupanda na kipimo kinakudanganya. Kiwango sahihi kipo kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi kutoka Japani huandika kwa kipimo cha kPa, wakati pampu nyingi husoma PSI. Gawanya kwa 6.9 upate PSI kwa kukadiria, hivyo 220 ni kama 32. Usifuate namba iliyo ubavuni mwa tairi. Ile ni kikomo cha tairi lenyewe, haikuhusu wewe na gari lako.

Wanaopita njia za mchanga huku vijijini hupunguza upepo ili wasikwame, na ni sawa. Wakifika lami wanasahau kujaza. Safari moja ndefu katika hali hiyo inaumiza kingo za matairi yote manne.

Hatua ya 3: Kagua miguu

Hapa usifanye haraka, kwa sababu ndipo chanzo kinapojificha. Ardhi yetu ni ya mchanga, na jeki huzama: weka kipande cha ubao mzito chini yake, zuia matairi ya nyuma kwa mawe, vuta hendibreki, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tumia stendi za chuma za kuegemezea gari.

Tairi likiwa juu, lishike kulia na kushoto ulitikise. Likicheza, tazama tairodi endi na reki endi (ncha za vyuma vya usukani). Kisha lishike juu na chini ulitikise tena. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, beringi imekwisha. Ukibaki, tafuta kwenye boljointi. Jaribio hili dogo huokoa pesa, maana beringi nyingi hubadilishwa bure.

Kwa bushi, tumia tochi na mtaimbo. Mpira uliopasuka au unaoachana na chuma ukiusukuma, badilisha. Shokapu inayovuja mafuta haihitaji mjadala. Ambayo haivuji, bonyeza kona ya gari kwa nguvu kisha achia. Ikiendelea kuyumba juu chini, imechoka. Badilisha shokapu kwa jozi, kulia na kushoto.

Hatua ya 4: Alaimenti

Sasa ndiyo zamu yake. Kabla ya kwenda, unaweza kujipima. Nyoosha usukani, chora alama ya chaki katikati ya uso wa kila tairi la mbele, upande unaotazama mbele, usawa wa kitovu cha gurudumu. Pima kwa tepu umbali kati ya alama hizo. Sukuma gari mbele mpaka alama zifike nyuma, usawa uleule, upime tena. Kwa magari mengi madogo tofauti haizidi milimita 2 au 3. Ikizidi sana, peleka kwenye mashine.

Ukifika, dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Mwambie fundi azungushe tairodi za pande zote mbili kwa kiasi sawa, la sivyo gari litanyooka na usukani utakaa kombo.

Hatua ya 5: Matairi ya zamani

Tairi linaloonyesha nyaya, au lililolika hadi kwenye vile vivimbe vidogo ndani ya mifereji, yaani milimita 1.6, litoe. Lililobaki na meno ya kutosha litaendelea kuvuma kwa muda hata baada ya matengenezo, kwa hiyo usirudi gereji kwa mlio huo pekee. Hamisha matairi mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Yale yenye mshale ubavuni yabaki upande wake. Baada ya kilomita 1,000 hivi, yapapase tena kama ulivyofanya mwanzo. Ukingo ukizidi kuliwa, rudi hatua ya 3.