Namna ya kufuatilia ukoo wa Köprülü: fuata muhuri, usifuate jina

Anayeanza kusoma habari za mawaziri wakuu wa dola ya Uthmaniya hukwama mapema kwa hawa Köprülü, ukoo uliotoa mawaziri wakuu kadhaa kati ya 1656 na 1710. Kina Mehmed wamejaa tele, kina Mustafa ni wawili, na aliyeutia ukoo hasara kubwa kuliko wote hana hata jina la ukoo. Jedwali moja lililochorwa vizuri linamaliza shida hiyo.

Laza karatasi pana, uchore safu tano: jina, siku ya kupokea muhuri, siku ya kuuacha, ulimtokaje, na nani alikuwa nyuma yake. Muhuri wa sultani ndio uwaziri mkuu wenyewe. Waziri akinyang'anywa muhuri, basi tena, hata awe mtoto wa nani.

Majina yavunje kwanza. Pasha ni cheo. Kiishio -lü au -lu ni "mtu wa": Köprülü ni mtu wa Köprü, mji wa Anatolia unaoitwa leo Vezirköprü, ingawa mzee wao, Mehmed Pasha, alizaliwa Albania. Merzifonlu ni mtu wa Merzifon. Amcazade ni mwana wa ami.

Kisha tarehe, na hapa ndipo wengi huharibu. Ukikuta mwaka wa hijria, uzidishe kwa 0.970224, ujumlishe 621.57. Jibu ni lini mwaka ule ulianza, si lini jambo lilitokea. Kwa 1066 utapata 1655.8, yaani mwishoni mwa Oktoba 1655. Lakini Köprülü Mehmed Pasha alipewa muhuri Mfunguo Pili, mwezi wa 11 wa mwaka huo, kwa hiyo ni Septemba 1656. Ukiandika 1655 utamtanguliza mbele ya Zurnazen Mustafa Pasha, aliyekaa na muhuri saa chache tu Machi 1656, na maana yote itapotea. Muhuri ulikuwa umepita mikono zaidi ya 10 tangu 1648, Venezia imeziba Dardanelles, mlango wa bahari wa kuingilia Istanbul, na sultani Mehmed IV bado kijana mdogo. Ndipo mama yake, Turhan Sultan, akamwita Köprülü Mehmed, mzee wa zaidi ya miaka 70.

Mstari wa kwanza ujaze polepole. Mzee hakuupokea muhuri mpaka akubaliwe masharti: maombi yake yasikataliwe, asiingiliwe katika kuteua watu, wala fitina dhidi yake zisisikilizwe. Safu ya tano andika "Turhan na masharti". Mwaka 1657 alirudisha visiwa vya Bozcaada na Lemnos kutoka kwa Venezia, kisha akauzima uasi wa Abaza Hasan Pasha kwa damu nyingi. Alikufa Oktoba 1661 angali na muhuri, ukaenda kwa mwanawe Fazıl Ahmed. Hilo halikuwa kawaida hata kidogo. Ahmed alikaa miaka 15, akauteka mji wa Candia katika kisiwa cha Krete mwaka 1669, naye akafa kwa maradhi, Novemba 1676.

Mstari wa tatu ni Kara Mustafa Pasha wa Merzifon, na ndiye anayeachwa na wanaotafuta jina. Alilelewa katika nyumba ya Köprülü akawa mkwe wao, kwa hiyo mwandike kwa wino wa rangi ya pili. Wakwe na walelewa ndio walioshikilia vyeo vya nyumba ile. Ukiwaacha utaona pengo pasipo na pengo. Aliizingira Vienna Julai 1683, akashindwa Septemba 12, na Desemba 25 akanyongwa Belgrade baada ya kuurudisha muhuri.

Kuanzia hapo mistari inakuwa mifupi. Siyavuş Pasha, mkwe mwingine, 1687 hadi 1688: aliuawa na askari waasi. Fazıl Mustafa, mdogo wake Ahmed, 1689 hadi 1691: aliirudisha Belgrade, akafa vitani Slankamen. Amcazade Hüseyin, 1697 hadi 1702: mkataba wa amani wa Karlowitz wa 1699 ulifungwa wakati wake, kisha akajiuzulu. Numan, mwana wa Fazıl Mustafa, alipewa muhuri Juni 1710 akaondolewa Agosti. Linganisha safu ya nne: wawili wa kwanza walikufa na muhuri mkononi, wa mwisho hakumaliza hata miezi mitatu.

Hapo usiikunje karatasi. Abdullah Pasha, ndugu yake Numan, aliuawa mwaka 1735 akipigana na Nadir wa Iran: cheo kikubwa, lakini muhuri hana. Chini kabisa weka mstari wa wakfu. Waziri akiuawa, sultani aliweza kutaifisha mali yake. Iliyowekwa wakfu ilikuwa na kinga zaidi. Maktaba yao ya Istanbul, iliyowekwa wakfu mwaka 1678, ingali imesimama barabara ya Divanyolu.