Kujenga Linux nyepesi kwa Debian: vifurushi usivyoweza kuviruka

Wengi wanaotaka Linux nyepesi husakinisha mfumo mzima kisha wakaanza kufuta. Njia hiyo inachosha, tena ina hatari, maana hujui kifurushi gani kinategemewa na kipi. Mimi huanzia upande wa pili: naanza na mfumo mtupu, na kila kifurushi kinachotaka kuingia lazima kijibu swali moja. Kisipokuwepo, nini kitagoma?

Mfano wangu ni Debian 12, yaani bookworm, kwenye mashine ya biti 64 yenye UEFI (programu ya kuwasha mashine iliyorithi BIOS). Washa kompyuta kwa flashi yenye Debian ya “live” (inayoendeshwa bila kusakinishwa), fungua teminali kama root, yaani msimamizi mkuu, na uwe na intaneti.

Hatua ya 1: Diski na msingi

Gawa diski sehemu mbili: ndogo ya EFI (MB 512 zinatosha sana) na iliyobaki kwa ajili ya mfumo. Hakikisha jina la diski kwa `lsblk` kabla ya kuendelea, kwa sababu amri hizi mbili za mwanzo hufuta kila kitu bila kuuliza.

```
mkfs.vfat -F32 /dev/sda1
mkfs.ext4 /dev/sda2
mount /dev/sda2 /mnt
apt update && apt install debootstrap
debootstrap --variant=minbase bookworm /mnt http://deb.debian.org/debian
```

`debootstrap` hujenga Debian mpya ndani ya saraka, na hiyo `minbase` ndiyo siri ya wepesi. Inakupa bash, coreutils, dpkg, apt na vichache vingine vya lazima. Haikupi keneli (kiini cha mfumo), wala init (programu inayoanzisha huduma zote), wala hata programu ya kuhariri faili.

Hatua ya 2: Ingia ndani ya mfumo mpya (chroot)

```
mkdir -p /mnt/boot/efi
mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys; do mount --rbind /$d /mnt/$d; done
chroot /mnt /bin/bash
```

Tumia `--rbind`, si `--bind`. Ukitumia ya pili, saraka ya efivars haitaonekana humo ndani, na GRUB (programu inayoiwasha keneli) italalamika kwamba mashine yako haina UEFI ilhali inayo.

Hatua ya 3: Vinavyoiwasha mashine

```
apt update
apt install --no-install-recommends linux-image-amd64 \
  systemd-sysv udev dbus grub-efi-amd64 e2fsprogs iproute2 nano
grub-install
update-grub
```

Keneli na GRUB hakuna anayevisahau. Kinachosahaulika ni `systemd-sysv`, kifurushi kidogo kinacholeta `/sbin/init`, programu ya kwanza kabisa inayoendeshwa na keneli. Kikikosekana, mashine itawaka vizuri tu, kisha utajikuta kwenye sheli tupu isiyo na huduma hata moja. Ukiandika `exit` pale, keneli inaanguka na ujumbe `Attempted to kill init!`. Anayeuona mara ya kwanza hudhani diski imekufa.

`udev` ndiyo inayotambua vifaa na kupakia draiva zake. `e2fsprogs` ina `fsck` ya ext4, ambayo utaihitaji siku umeme utakapokatika ghafla. Kwenye mashine pepe, badilisha keneli uweke `linux-image-cloud-amd64`. Ni ndogo zaidi kwa sababu imeondolewa draiva nyingi za vifaa halisi. Na kama Secure Boot (ulinzi unaokubali programu zilizotiwa saini tu) imewashwa, ongeza `shim-signed` na `grub-efi-amd64-signed`, kwani ile `--no-install-recommends` (usiweke vifurushi vinavyopendekezwa tu) inaviacha nje.

Hatua ya 4: fstab na nywila

Pata UUID (namba za utambulisho) za sehemu zako kwa `blkid`, kisha andika kwenye `/etc/fstab`, faili linaloeleza sehemu zipi za diski zifunguliwe na vipi:

```
UUID=ya-mfumo  /          ext4  errors=remount-ro  0 1
UUID=ya-efi    /boot/efi  vfat  umask=0077         0 0
```

Usiruke hatua hii eti kwa sababu mfumo unawaka bila hiyo. Ni kweli unawaka, lakini GRUB huiambia keneli ifungue diski kwa kusoma tu, na systemd (ndiyo init yetu) huja kutazama fstab ndipo iruhusu kuandika. Bila mstari ule wa kwanza utabaki na mfumo usioweza kuhifadhi hata faili moja.

Kisha:

```
echo jina-la-mashine > /etc/hostname
passwd
```

Nywila ya root imefungwa tangu debootstrap. Ukiwasha upya bila `passwd`, utasimama mlangoni.

Hatua ya 5: Mtandao

Kwa waya huhitaji NetworkManager. Kifurushi cha systemd tayari kina networkd, huduma yake ya kuunganisha mtandao. Tengeneza faili `/etc/systemd/network/20-waya.network`:

```
[Match]
Name=en*

[Network]
DHCP=yes
```

Halafu:

```
systemctl enable systemd-networkd
apt install --no-install-recommends openssh-server sudo ca-certificates
apt install --no-install-recommends systemd-resolved
```

Nimeiweka `systemd-resolved`, inayotafsiri majina kuwa anwani za IP, mwisho kwa makusudi. Ikiingia inabadilisha `/etc/resolv.conf` ielekee kwa huduma ambayo humo ndani ya chroot bado haijawaka, na kuanzia hapo apt inaweza kushindwa kupata seva yoyote. Ukiiacha kabisa, unaweza kukutana na jambo la kuudhi baada ya kuwasha: anwani ya IP inafikika, jina halifikiki.

SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali) kwa kawaida haimpokei root kwa nywila, kwa hiyo jitengenezee mtumiaji:

```
useradd -m -s /bin/bash -G sudo jina
passwd jina
```

Wi-Fi inataka zaidi: `iwd` au `wpasupplicant`, pamoja na femuwea (programu inayoendesha kifaa chenyewe) ya kadi yako, mfano `firmware-iwlwifi` kwa kadi za Intel. Femuwea hizo ziko kwenye `non-free-firmware`, sehemu iliyoanza na Debian 12, na lazima uiongeze mwenyewe kwenye `/etc/apt/sources.list`.

Hatua ya 6: Washa upya

Toka kwa `exit`, andika `reboot`, chomoa flashi. Ukishaingia, endesha `systemctl --failed`; orodha inapaswa kuwa tupu. `apt-mark showmanual` itakuonyesha vifurushi ambavyo apt inavihesabu kuwa vimewekwa kwa mkono.

Ili mfumo usinenepe kila unaposakinisha kitu, zima mapendekezo ya apt moja kwa moja:

```
echo 'APT::Install-Recommends "false";' > /etc/apt/apt.conf.d/99bila-mapendekezo
```

Siku utakapoweka mazingira ya dirisha kama Xfce, yarudishe kwa amri hiyo moja tu kwa `--install-recommends`, la sivyo jioni nzima itaishia kutafuta fonti na sauti.