Jinsi ya kufuatilia safari ya wazo moja katika historia

Kwa miaka mingi nilifundisha kwamba biashara ya watumwa ilikomeshwa kwa sababu watu "walibadilika fikra". Niliiandika sentensi hiyo ubaoni, wanafunzi wakainakili, tukasonga mbele. Siku moja binti mkimya wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, zilibadilikaje? Nani alizibadilisha, na alitumia nini?" Sikuwa na jibu. Nilimwahidi kulileta wiki iliyofuata, na tangu siku hiyo sijaacha kulitafuta.

Ninayoeleza hapa ndiyo njia ninayoitumia sasa. Unahitaji daftari nene, vitabu viwili au vitatu vya waandishi wasiokubaliana, na subira. Wazo moja hunichukua miezi kadhaa.

Liandike wazo kwa sentensi moja

Usianze na neno kubwa kama "uhuru" au "dini". Maneno hayo yana mambo mengi mno ndani yake, na kila ukiligusa moja linakuponyoka. Andika sentensi moja, kama ambavyo angeitamka mtu wa wakati ule aliyeiamini kwa moyo wote.

Kwa mfano: "Mfalme amewekwa na Mungu, kwa hiyo hakuna mahakama duniani yenye mamlaka ya kumhukumu." Ukiwa na sentensi hiyo mkononi, kesi ya Charles wa Kwanza wa Uingereza, Januari 1649, inaeleweka. Alisomewa mashtaka akakataa kuyajibu, maana kujibu tu kungekuwa kukiri kwamba mahakama ile ni halali. Alikatwa kichwa tarehe 30 mwezi huohuo. Aliyesoma kwamba mfalme "alikuwa mkaidi" hajaona kilichokuwa kikigombewa ndani ya ukumbi ule.

Kisha andika kilichokuwepo kabla yake

Hatua hii wengi huiruka, na mimi niliiruka miaka yote. Wazo jipya haliingii nyumba tupu, lazima limtoe mwenyeji. Katika daftari langu ukurasa wa kushoto ni wa mwenyeji huyo, na naujaza kwanza.

Kuhusu utumwa, ukurasa wa kushoto uliniumiza kuuandika. Aristotle alifundisha kwamba wapo watu waliozaliwa kwa ajili ya kutumikishwa. Wahubiri walichukua laana ya Nuhu katika Mwanzo sura ya 9, ambayo kwa maandishi yake inamtaja Kanaani, wakaitwika ngozi nyeusi. Wanasheria walisema mtumwa ni mali, na mali ya mtu haiguswi. Wenye meli walisema bandari zingekufa. Andika hoja hizo kwa nguvu zilizokuwa nazo, bila kuzipunguza. Ukiona walioziamini walikuwa wajinga tu, rudi usome tena, kwa sababu wengi walikuwa wasomi, wacha Mungu, na wazazi wapole majumbani mwao. Jambo hilo ndilo linalotisha, na ndilo unalopaswa kulielewa.

Watafute wachukuzi

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote. Wazo halitembei lenyewe. Kuna mtu alilibeba, kwenye chombo fulani, akampa mtu mwingine. Usiridhike mpaka upate majina na vyombo.

Mwaka 1785 Chuo Kikuu cha Cambridge kilitoa swali la shindano la insha ya Kilatini: je, ni halali kuwafanya watu watumwa bila ridhaa yao? Kijana mmoja, Thomas Clarkson, aliingia shindanoni akitaka ushindi tu. Akashinda. Akiwa safarini kwenda London akashuka kwenye farasi, akaketi kando ya njia, akiwaza kwamba kama aliyoyaandika ni kweli, basi lazima apatikane mtu wa kuyakomesha. Ningeweza kuishia hapo, maana kisa ni kizuri. Lakini dhamiri ya kijana mmoja kando ya barabara haijabadilisha sheria yoyote, kwa hiyo niliendelea kuuliza: halafu?

Halafu, tarehe 22 Mei 1787, wanaume 12 walikutana London na kuunda kamati. Tisa walikuwa Wakweka, waumini wa Kanisa la Marafiki, ambao tayari walikuwa na mtandao wa jumuiya zao nchi nzima na mazoea ya kuandikiana barua. Na walikutania wapi? Kwenye duka la vitabu na uchapaji la James Phillips. Nilipolisoma hilo nililipigia mstari mara mbili. Wazo lilikuwa limefika mahali penye wino na karatasi.

Clarkson alitumwa Bristol na Liverpool kuwahoji mabaharia. Liverpool alinunua dukani pingu, kibano cha kuminyia vidole gumba, na chombo cha kukanulia kinywa cha mtu anayegoma kula. Vitu hivyo viliuzwa waziwazi dirishani. Alizunguka navyo, pamoja na sanduku la nguo, viungo na kazi za mikono kutoka Afrika, kuonyesha kwamba bara lile lina watu wenye ufundi, na kwamba bidhaa zinaweza kununuliwa huko badala ya binadamu. Ukisoma hotuba za bungeni tu, hutaliona sanduku hilo.

Mfinyanzi Josiah Wedgwood akatengeneza nishani ndogo yenye sura ya mtu aliyefungwa minyororo, amepiga goti, na maneno "Je, mimi si mtu na ndugu?" Watu waliivaa. Ukatoka mchoro wa meli ya Brookes, ukionyesha mamia ya watu wamelazwa ubavu kwa ubavu kama mbao, ukabandikwa kutani. Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, akachapisha maisha yake mwaka 1789 na kuzunguka nchini akiyasoma na kuyauza. Kuanzia 1791 familia nyingi ziliacha sukari ya mashamba ya watumwa. Clarkson alikadiria walioiacha kuwa wapatao 300,000. Wanawake hawakuwa na kura, lakini uamuzi wa nini kinunuliwe kwa ajili ya meza ulikuwa wao. Mwaka 1792 maombi 519 ya wananchi yalifika bungeni.

Na bado, muswada wa mbunge William Wilberforce ulikuwa umeangushwa mwaka 1791 kwa kura 163 dhidi ya 88. Sheria ya kupiga marufuku biashara hiyo ilipita mwaka 1807, miaka 20 baada ya mkutano wa dukani. Iandike miaka hiyo kwenye daftari, pamoja na kura zilizoshindwa. Historia iliyoandikwa na washindi huruka miaka ya kushindwa, na kijana anayeisoma hudhani mawazo mema hupita mara ya kwanza.

Waulize walioguswa na wazo lenyewe

Hadi hapo daftari langu lilikuwa limejaa Waingereza. Nililisoma upya likanisikitisha, kwa sababu yule binti alikuwa ameuliza "nani", nami nilikuwa karibu kumpa nusu ya jibu.

Agosti 1791, wakati London wakijadili sukari, watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililokuwa tajiri kupindukia kwa sukari, waliinuka. Miaka miwili nyuma Ufaransa ilikuwa imetangaza kwamba watu huzaliwa huru na huwa na haki sawa. Waliotangaza hawakuwa wamewawaza watu wa mashambani: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Lakini maneno yakishatamkwa hadharani hayamtii tena aliyeyatamka. Tarehe 1 Januari 1804 koloni hilo likawa Haiti, nchi huru.

Hofu ya jambo hilo inaonekana mahali usipopatarajia. Mwaka 1807 London ilichapishwa Biblia iliyokatwakatwa kwa ajili ya watumwa wa Karibi, na kisa cha Waisraeli kutoka utumwani Misri hakimo. Ukitaka kupima nguvu ya wazo, tazama kile wanaoliogopa wanachokiondoa. Hakuna kipimo ninachokiamini zaidi ya hicho.

Walioikata Biblia hiyo hawakufanikiwa. Desemba 1831 Samuel Sharpe, mtumwa na shemasi wa Wabaptisti huko Jamaika, aliyekuwa akifuatilia magazeti, aliwaandaa wenzake wagome baada ya Krismasi mpaka walipwe ujira. Mgomo ukageuka uasi, Sharpe akanyongwa Mei 1832. Haikupita miaka miwili tangu mgomo ule, Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukomesha utumwa wenyewe katika makoloni yake mengi.

Usidhani ukweli hujibeba

Baada ya safari ndefu kama hiyo, linganisha na wazo lililokwama. Nina mfano mmoja ninaourudia kila mara. Mwaka 1846, katika wodi ya uzazi ya Vienna iliyohudumiwa na madaktari, zaidi ya akina mama 11 kati ya 100 walikufa. Daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwamba wenzake wanatoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Mwaka 1847 akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwaka 1848 vifo vilikuwa chini ya 2 kati ya 100. Alikuwa sahihi, na takwimu zilimuunga mkono, lakini wakubwa wengi wa fani yake walimkataa. Kitabu chake hakikutoka hadi 1861. Ukimweka kando ya Clarkson unaona pengo: hakuwa na duka la Phillips, wala jumuiya ya kumwandikia barua kila mji.

Kinyume chake pia hutokea. Wakazi wa London waliamini kwamba kipindupindu huletwa na harufu mbaya. Uvundo wa Mto Thames ulipowashinda wabunge kiangazi cha 1858, mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mifereji mikubwa ya maji machafu. Imani ilikuwa na kosa, mifereji ikaokoa maisha. Mlipuko wa mwisho, 1866, ulipiga upande wa mashariki, ambako mfumo ulikuwa haujakamilika. Kwa hiyo kwenye daftari weka safu mbili tofauti: wazo lilikuwa kweli? Na lilifanya nini? Usiache jibu la moja likujazie la pili.

Ipo pia aina ya tatu, na nakuomba uisome hata kama itakukosesha usingizi. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alibuni mwaka 1883 neno la Kiingereza "eugenics" kwa fikra kwamba taifa litaimarika iwapo "wasiofaa" watazuiwa kuzaa. Fikra hiyo ilipata wachukuzi wazuri kuliko wote: maprofesa, mikutano ya kimataifa, watu waliojiona wapenda maendeleo. Mwaka 1907 jimbo la Indiana nchini Marekani likapitisha sheria ya kufunga watu kizazi kwa nguvu. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ikaafiki sheria ya namna hiyo ya Virginia kwa kura 8 kwa 1. Mwaka 1933 Ujerumani ya Hitler ikawa na yake. Njia ileile niliyoisifu juu, ya vitabu na kamati na maombi, ilibeba sumu.

Mwisho, fuata fedha ndani ya sheria

Wazo likishafika kwenye sheria, tafuta vifungu vya fedha na muda. Utangulizi wa sheria husema watu walichotamani, na vifungu hivyo husema walichokubaliana.

Sheria ya 1833 ilitenga pauni milioni 20 kuwa fidia, na fidia hiyo walipewa wenye watumwa. Walioachiwa hawakupewa kitu, tena wengi walifungwa kufanya kazi kwa mabwana walewale chini ya jina jipya la uanagenzi, mpango uliovunjwa mwaka 1838. Rudi sasa kwenye ukurasa wa kushoto, pale penye neno "mali". Mwenyeji wa zamani hakuwa amefukuzwa kabisa. Alikaa ndani ya sheria iliyokuja kumtoa, akalipwa.

Usiufunge ukurasa huo mapema. Mimi nilikuwa nimeupigia mstari wa mwisho chini ya 1838, nikaenda kumwonyesha yule binti, ambaye sasa ni mtu mzima na anafundisha. Baadaye nikajua kwamba mkopo ambao serikali ya Uingereza ilichukua kulipa fidia ile uliunganishwa na madeni mengine, na ukamalizika kulipwa mwaka 2015. Niliandika tarehe hiyo chini ya mstari, nikampigia simu.