SOMO: Kukokotoa umbali na muda wa ndege, KIA hadi Dar

Hesabu hii inahitaji kalamu na kikokotoo cha simu tu.

Hatua ya 1. Chukua latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili, si za miji. KIA (uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro) iko 3.43 kusini, 37.07 mashariki. Uwanja wa Dar uko 6.88 kusini, 39.20 mashariki.

Hatua ya 2. Tafuta tofauti, kisha zidisha kila moja kwa 111, kwani digrii moja huku kwetu karibu na ikweta ni kama kilomita 111. Latitudo: 3.45 × 111 = 383. Longitudo: 2.13 × 111 = 236.

Hatua ya 3. Jumlisha vipeo vya pili vya namba hizo, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni kilomita 450. Kwa safari ya Ulaya usitumie njia hii: dunia ni mviringo na digrii za longitudo husinyaa kadiri unavyokwenda kaskazini. Tumia rula ya Google Earth.

Hatua ya 4. Gawa kwa mwendo. ATR 72 ya pangaboi huenda kama kilomita 500 kwa saa, hivyo dakika 54. Jeti ya kilomita 800 kwa saa, dakika 34. Ongeza dakika 25 za kutembea ardhini, kupanda, kushuka na kujipanga na njia ya kutua. Wengi husahau hatua hii, wakapata muda ambao hakuna ndege inayoufikia.

Hatua ya 5. Geuza saa za tiketi. 07:30 ni saa 1:30 asubuhi. 18:40 ni saa 12:40 jioni. Anayesoma 07:30 kama saa saba na nusu mchana ameachwa kwa saa sita nzima. Andika saa ya Kiswahili pembeni siku ileile unayokata tiketi.

MASWALI

Mkuu, mbona basi linakwenda zaidi ya kilomita 600?
Barabara huzunguka milima ya Upare na Usambara kupitia Same, Korogwe na Chalinze. Ile 450 ni mstari ulionyooka.

Niko Moshi, tiketi imeandikwa ARK. Nishukie KIA?
Hapana ndugu, utaachwa. KIA ni JRO. ARK ni uwanja wa Kisongo, ng'ambo ya jiji la Arusha kwenye barabara ya Dodoma. Kutoka Moshi ni karibu kilomita 90, tena unapita katikati ya foleni ya jiji. Ondoka saa nne kabla ya ndege kuondoka.

KIA hadi Amsterdam tiketi inaonyesha kuondoka 20:00, kufika 02:30. Ni saa sita na nusu?
Hizo ni saa za nchi mbili. Majira ya baridi Uholanzi iko nyuma yetu kwa saa 2, kwa hiyo uko angani saa 8 na nusu. Hakiki: kilomita 6,900 kwa mwendo wa 850 ni saa 8 na dakika 7, ongeza 25. Kiangazi tofauti ni saa 1 tu.