Jinsi ya kulichunguza tangazo la urembo kabla halijakuharibia siku

Ukikutana na tangazo la krimu au nguo, kabla hujaanza kujilinganisha na yule dada, vuta picha iwe kubwa uangalie ngozi, kama huoni vitundu vya vinyweleo wala kamstari hata chini ya macho basi hiyo imepitiwa na kompyuta, ngozi ya binadamu haiko hivyo jamani. Halafu cheki pembeni ya kiuno, kama fremu ya mlango au mistari ya vigae imepinda hapo, ujue kiuno kimebanwa kwa programu. Ufaransa tangu Oktoba 2017 tangazo lililopunguza au kunenepesha mwili wa modo lazima liandikwe kwamba picha imehaririwa, mi naona ingekuwa hivyo kila mahali.

Kisha jiulize, hawa wanataka nijione nina kasoro gani ili ninunue? Mara nyingi hiyo kasoro hukuwahi kuiwaza mpaka walipokuambia, makwapa meusi, michirizi ya mapaja, vitu ambavyo wanawake wengi mno wanavyo.

Akaunti zinazokuacha unajichukia, anfolo. Na mabinti wadogo msiwahubirie, kaeni nao mchunguze picha pamoja, wanashika haraka sana.