Mtoto hajui kuigiza? Usimfundishe

Kila msimu wa karafuu ukikaribia, huku Wete napigiwa simu na vijana wanaotaka kushuti filamu yao ya kwanza. Swali huwa lile lile: waigizaji tutawatoa wapi, na hela hatuna? Siku hizi nawaambia wakatafute kwanza Pather Panchali, filamu ya Kibengali kutoka India ya mwaka 1955, waitazame mpaka mwisho bila kushika simu, kisha tukae tuzungumze ilivyotengenezwa. Mwongozaji wake, Satyajit Ray, alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo mjini Calcutta, na filamu hakuwahi kuongoza hata moja. Mpiga picha, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 aliyezoea picha za mnato tu. Kwa hiyo la uzoefu tusilijadili.

Tuanze na waigizaji, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Husemwa kwamba Ray aliokota watu wasiojua kitu akawasimamisha mbele ya kamera. Sivyo. Kanu Banerjee, aliyecheza baba, alikuwa mwigizaji wa filamu tayari. Karuna Banerjee, aliyecheza mama, alikuwa mke wa rafiki yake Ray na jukwaa alikwishalipanda. Uma Dasgupta, aliyecheza dada mtu, Durga, alikuwa mwanafunzi aliyeigiza shuleni. Mgeni kabisa alikuwa mtoto mdogo, Apu. Basi na wewe fanya hivyo: asiyejua mweke katikati ya wanaojua. Ukiwakusanya wanne wote hawajui, utashinda mchana kutwa ukimfundisha kila mmoja mahali pa kusimama, na jua halikungoji.

Kumtafuta mtoto kwa tangazo kuna kazi yake. Ray alitangaza gazetini, akaletewa wavulana kwa wingi, mpaka na msichana mmoja aliyetoka kukatwa nywele ili apite kama mvulana. Hakumpata Apu. Aliyempata ni mkewe, Bijoya, aliyemwona Subir Banerjee akicheza jirani na kwao. Kwa hiyo kaa barazani watoto wanapotoka chuoni jioni, uwaangalie tu. Usimchague yule anayekuja kukuimbia. Mchague anayetazama kitu kwa muda mrefu bila kujua kwamba na yeye anatazamwa. Kisha kazungumze na wazazi wake kabla hujamwambia mtoto neno lolote.

Sasa umempata, na mbele ya kamera amekuwa gogo. Hapa ndipo ninapoipenda hasa kazi ya Ray. Kuna sini Apu anamtafuta dada yake katika uwanja wa kaash, majani marefu yenye maua meupe. Ray alitaka mtoto atembee kwa kusitasita, asimame, ageuke, aendelee. Mtoto wa umri ule ukimwambia "sitasita" atakutolea macho tu. Ray akatega vijiti njiani ili Apu alazimike kuinua mguu na kuvivuka, kisha akawaficha wenzake majanini, huku na huku, wamwite kwa zamu. Mtoto akisikia jina lake anageuza kichwa. Tazama sini ile: utaapa kwamba ana wasiwasi moyoni, kumbe anaangalia asijikwae.

Kanuni ni hiyo: mtoto usimpe huzuni aigize, mpe kazi aifanye. Mimi nikitaka uso wa mtoto mwenye mawazo, namkalisha kwenye jamvi la karafuu nimwambie atenge vikonyo upande mmoja na karafuu upande wa pili, na asichanganye. Ndani ya dakika chache kamera ameshaisahau. Midomo inajikunja, paji linakunjamana, wala sikumwambia kitu.

Mzee ni kinyume chake, yeye mpe nafasi. Chunibala Devi, aliyecheza bibi kizee Indir, alikuwa na umri wa karibu miaka 80, mwigizaji wa jukwaani aliyestaafu zamani. Alilipwa rupia 20 kwa siku. Ray alitaka kujua kama kumbukumbu bado ipo, akamwomba asome wimbo wa kubembeleza watoto. Bibi akausoma mistari mingi kuliko aliyoijua Ray mwenyewe. Katika sini ya mazishi alilala juu ya jeneza la mianzi wakambeba. Sini ikakatwa, bibi kimya. Watu wakaingiwa na hofu. Kumbe hakuna aliyemwambia kwamba wamemaliza, naye alikuwa bado anakufa! Ukishuti na mzee, teua mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumwambia "tayari, bibi, tumemaliza", na kumpa maji.

Msimu nao una adabu zake. Ray alianza kushuti mwishoni mwa Oktoba 1952 katika uwanja ule wa kaash. Waliporudi wiki iliyofuata, ng'ombe walikuwa wamekwisha kula maua yote. Picha za siku mbili zisingelingana, ikabidi kungoja maua ya mwaka uliofuata. Kama sini yako ina kitu cha msimu, iwe karafuu juani au bahari ya kaskazi, ishuti yote kwa mkupuo, hata ikibidi kuacha sini za ndani ya nyumba kwa baadaye. Chumba hakiliwi na ng'ombe.

Na mtu akifa katikati ya kazi? Ilitokea. Mwuza vitamu anayefuatwa na watoto na mbwa alifariki kabla sini haijakamilika. Ray akapata mwingine wa umbo kama lake, akamwonyesha kwa mgongo, na watazamaji hawakugundua. Mabega na mzigo vinatosha. Ndiyo maana nasema: kila siku ya kushuti piga picha ya kila mtu kwa nyuma, nguo zile zile, hata kama huoni sababu.

Kuhusu hela sitasema mengi. Ray aliweka rehani bima yake ya maisha, akauza santuri zake, mkewe akatoa vito vyake, na bado kazi ikasimama kwa miezi mingi mpaka serikali ya West Bengal ilipomalizia. Hilo la vito silishauri.

Mwisho, sauti. Ukifika kwenye uhariri ukakuta kilio ulichorekodi kinasikika cha kuigiza, usimwite mwigizaji alie upya. Katika Pather Panchali, baba anarudi safari na sari ya kumpa binti yake, hajui kwamba amekwisha kufa. Mama anafungua kinywa kulia, na badala ya sauti yake tunasikia ala ya nyuzi, tar shehnai, ikipanda juu kabisa. Zima sauti ya kilio chako, uitazame sini hiyo ikiwa bubu mara moja, ndipo uamue kama unamhitaji mpiga fidla au ukimya wenyewe unatosha.